Jinsi ya kusimamia presha ya kichanga anayepozwa, na damu inayofika kwenye ubongo wake

Mtoto akizaliwa amechoka, akakaa dakika kumi bado anasaidiwa kupumua, katika hospitali zenye uwezo siku hizi hupozwa. Joto la mwili wake hushushwa hadi nyuzi 33.5 na kushikiliwa hapo kwa saa 72, na kazi hiyo inatakiwa ianze kabla hajatimiza saa sita tangu azaliwe. Haraka hiyo ina sababu. Ubongo ulionyimwa hewa haufi wote kwa mkupuo mmoja. Damu ikirudi, seli hupata nafuu ya saa chache, halafu kuanzia saa ya sita hivi hadi siku ya tatu huanza kuporomoka tena. Poromoko hilo la pili ndilo linalozuiwa na ubaridi.

Nimefanya kazi ya uuguzi wa watoto wachanga nyumbani, na sasa niko Uingereza, ambako kupoza vichanga kumekuwa huduma ya kawaida tangu mwaka 2010 au karibu na hapo. Huku na kule nimeona kitu kimoja kikitutesa sisi wa zamu ya usiku: tunaikimbiza namba ya presha kwenye skrini kana kwamba hiyo ndiyo damu iliyomo kichwani mwa mtoto. Siyo. Nimeandika hatua hizi kwa muuguzi na daktari kijana aliyeachwa na mtoto wa namna hii saa nane za usiku. Mahali ambapo mwongozo wa wodi yako unatofautiana na haya, fuata wa wodi yako na umwite mkubwa wako.

Kabla ya yote: je, apozwe hapo ulipo?

Swali hili lina uzito kuliko mengine yote. Majaribio yaliyoipa tiba hii jina, kama lile la TOBY la Uingereza lililotoka mwaka 2009, yalifanyika kwenye wodi zenye mashine za kupumulia, vipimo vya gesi za damu na muuguzi mmoja kwa mtoto mmoja. Mambo yalipopelekwa kwingine, matokeo yakawa mengine. Mwaka 2008 lilichapishwa jaribio dogo la hospitali ya Mulago, Kampala, la watoto 36: kati ya 21 waliopozwa walifariki 7, na kati ya 15 waliotunzwa bila kupozwa alifariki 1. Mwaka 2021 likatoka jaribio kubwa zaidi la HELIX, la watoto 408 katika hospitali kubwa za India, Sri Lanka na Bangladesh. Waliopozwa walifariki asilimia 42, wasiopozwa asilimia 31.

Kwa hiyo usimvue mtoto nguo na kumzungushia chupa za maji baridi kwa sababu umesoma mahali kwamba ubaridi unaokoa ubongo. Kama wodi haina mashine ya kupumulia, haiwezi kupima joto la ndani mfululizo, haina dawa za presha wala mtu wa kukaa na mtoto, mtunze kwenye joto la kawaida, nyuzi 36.5 hadi 37.5, na uilinde sana ile 37.5. Homa humdhuru mtoto huyu vibaya. Kumzuia asipate homa, kuisimamia sukari yake na kumtibu degedege ni tiba kamili, na inawezekana hata pale ambapo hakuna mashine. Mengi ya yanayofuata yatakufaa kwake pia.

Hatua ya kwanza: hakikisha kipimo ni cha kweli

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo usiku mwingi huharibika.

Nilipokuwa mpya kazini nilimkuta mtoto mmoja mwenye wastani wa presha 29. Nikakimbilia dripu. Dada mkuu wa zamu akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, hebu toa huo mkanda kwanza." Ulikuwa mkanda wa mtoto wa miezi mitatu, umezunguka mkono karibu mara mbili, ukifika hadi kwenye kiwiko. Tulipofunga unaomfaa, wastani ulikuwa 43. Kama ningemsukumia maji yale, ningeuongezea mzigo moyo uliokwisha kuchoka.

Upana wa mkanda uwe kama asilimia 40 hadi 50 ya mzunguko wa mkono. Mkubwa mno hushusha namba, mdogo mno huipandisha. Funga mkono wa kulia ukiweza, kwa sababu damu ya mkono huo hutoka kwenye mshipa mkuu mahali pale pale inapotoka ile inayopanda kichwani. Usifunge kwenye mkono wenye dripu. Mtoto akiwa analia au anatikisika, subiri. Pima mara tatu. Ukumbuke pia kwamba mashine ya mkanda huwa na tabia ya kusoma juu kidogo kuliko ukweli pale presha inapokuwa chini sana, yaani hukupa moyo wakati ambao hupaswi kupata moyo.

Ndiyo maana mtoto anayepozwa anastahili katheta ya ateri kwenye kitovu. Nayo ina mitego yake. Transdyusa, yaani kile kihisi kinachosoma presha ya mrija, ikae usawa wa moyo, katikati ya kwapa. Ikianguka sentimita 13 na nusu chini ya hapo, utasoma milimita 10 za zebaki zaidi ya zilizopo, na mtoto mwenye 35 atakuonyesha 45. Kila ukipandisha au kushusha kitanda, irekebishe na kuirudisha kwenye sifuri. Angalia umbo la wimbi pia: likiwa limelala kama kilima cha mchanga, bila kile kidato kidogo cha kushukia, kuna kiputo cha hewa au damu imeanza kuganda kwenye mrija. Namba ya juu hapo itakuwa imeshuka kwa uongo. Ya wastani hukaa karibu na ukweli kwa muda mrefu zaidi.

Hatua ya pili: soma namba zote tatu, pamoja na mapigo

Kwa mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni, siku yake ya kwanza, wodi nyingi huanza kuhangaika wastani unaposhuka chini ya 40. Iwe alama ya kukuamsha, usiifanye amri ya dawa. Tazama ya juu na ya chini kila moja peke yake. Ya juu ikishuka huku ya chini imesimama, shuku moyo: hausukumi. Ya chini ikishuka, shuku kwamba mishipa imelegea au damu imepungua.

Mtoto anayepozwa ana jambo moja la kipekee. Ubaridi hukaza mishipa ya mikono, miguu na ngozi, na moyo wenyewe hupunguza kazi. Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, presha inapanda ndani ya mpira lakini ndoo haijai. Ndivyo anavyoweza kuwa na wastani wa 48, namba nzuri ya kuandika kwenye chati, na huku damu inayotembea ni kidogo. Kwa sababu hiyo pia, kubonyeza ngozi na kuhesabu sekunde hadi rangi irudi hakukusaidii sana hapa. Ngozi ya nyuzi 33 hurudi polepole hata kwa mtoto mwenye mzunguko mzuri.

Basi tazama mkojo, ukitaraji angalau mililita moja kwa kila kilo kwa saa, ingawa figo nazo huwa zimeumia na zinaweza kugoma siku ya kwanza hata presha ikiwa sawa. Tazama asidi ya laktiki kila baada ya saa chache. Ikishuka, viungo vinapata damu. Ikipanda wakati wastani ni 48, iamini asidi.

Halafu mapigo. Kila nyuzi moja ikishuka, moyo hupunguza kama mapigo kumi kwa dakika. Mtoto wa nyuzi 33.5 mwenye mapigo 90 yuko sawa, msimpe dawa ya kuyapandisha. Ninayemhofia mimi ni yule aliyepoa vizuri na bado ana 140. Kwenye chati ya kawaida hiyo ni namba ya mtoto mzima, na ndiyo maana hupita bila kutiliwa shaka. Kwa mtoto baridi inasema kuna maumivu, au degedege isiyoonekana, au damu inavuja mahali.

Hatua ya tatu: tafuta sababu kabla ya kufungua kabati la dawa

Anza na uzazi wenyewe. Muulize mkunga, soma kadi. Kondo lilibanduka mapema? Kitovu kilikatika? Mama alikuwa na homa, maji yalikaa muda gani baada ya chupa kupasuka? Mtoto alivutwa kwa vakyumu?

Ikiwa ni vakyumu, weka kiganja chako kichwani sasa hivi. Damu inayokusanyika kati ya ngozi ya kichwa na mfupa haina mpaka wa kuizuia. Utahisi kichwa kimelegea kama mfuko wa maji, uvimbe unahama ukimgeuza, masikio yanasukumwa mbele. Chukua utepe upime mzunguko wa kichwa, urudie kila saa. Kila sentimita moja inayoongezeka hukadiriwa kuwa mililita 40 hivi za damu. Mtoto wa kilo tatu ana damu yote kama mililita 250. Sentimita tatu tu, na karibu nusu yake imeondoka bila tone moja kuonekana shukani. Na ubaridi huifanya damu igande kwa shida, kwa hiyo usikae ukisubiri itulie yenyewe. Mtoto huyu anataka damu na dawa za kugandisha, na anataka mkubwa wako aje kwa miguu yake, siyo kwa simu.

Sababu nyingine ni moyo wenyewe kuumia kwa kukosa hewa, jambo la kawaida sana kwa watoto hawa. Kuna maambukizi. Kuna mishipa ya mapafu iliyokaza isifunguke baada ya kuzaliwa, ambayo utaijua kwa oksijeni ya mkono wa kulia kuwa juu kuliko ya mguu. Na kuna sisi wenyewe: mofini tunayompa asitaabike na baridi, na fenobabitoni ya degedege. Ini lililopoa husafisha dawa polepole, hivyo dozi ya mofini iliyomfaa saa ya kumi inaweza kuwa imerundikana ifikapo saa ya thelathini. Presha ikishuka taratibu siku ya pili bila sababu ya wazi, tazama pampu ya mofini kabla ya kutazama kitu kingine. Usiikate ghafla. Ipunguze, maana mtoto anayetetemeka na kuumia hapati faida ya ubaridi.

Hatua ya nne: tibu, kidogo kidogo

Ukiwa na ushahidi wa kupoteza damu au maji, mpe maji ya chumvi mililita 10 kwa kilo kwa dakika 30, na damu mara ipatikanapo kama anavuja. Bila ushahidi huo, zuia mkono wako usirudie bolasi (maji ya kusukumwa kwa mkupuo) ya pili na ya tatu. Moyo uliochoka hauwezi kuyasukuma, na ubongo uliovimba hauyahitaji. Wodi nyingi huanza na mililita 40 hadi 60 tu kwa kilo kwa siku nzima.

Kama kuna daktari anayeweza kuutazama moyo kwa altrasaundi, mwite kabla ya kuchagua dawa. Moyo usiosukuma vizuri hufaidika na dobutamini, kuanzia maikrogramu 5 kwa kilo kwa dakika. Mishipa iliyolegea hufaidika zaidi na dopamini, nayo kuanzia 5 bila kukimbilia juu ya 10, au adrenalini kuanzia 0.05. Zikishindwa, haidrokotisoni huingia kwa uamuzi wa mkubwa. Dawa hizi zipite kwenye mrija wa mshipa mkubwa. Mshipa wa mkono uliokazwa na baridi hautafika asubuhi.

Pandisha polepole. Katika mtu mwenye afya, mishipa ya ubongo hujibana presha inapopanda na kujitanua inaposhuka, ili damu inayofika iwe ile ile. Mtoto aliyekosa hewa anaweza kuupoteza uwezo huo. Mlango unabaki wazi, na kila kinachotokea kwenye presha ya mwili huingia moja kwa moja kichwani. Wastani ukiruka kutoka 30 hadi 65 kwa dakika kumi kwa sababu pampu ilisukumwa kwa pupa, mishipa midogo iliyojeruhiwa inapokea mafuriko. Kwa hiyo ongeza kidogo, subiri dakika kumi hadi kumi na tano, tazama, ndipo uamue tena. Na unapobadilisha sirinji ya dawa iliyoisha, andaa mpya mapema iwe tayari inatembea. Pengo la dakika mbili linatosha kuiangusha presha.

Watafiti wa Johns Hopkins kule Baltimore walijaribu kutafuta, kwa kila mtoto peke yake, presha ambayo ubongo wake unajimudu vizuri zaidi. Waliona kwamba watoto waliokaa muda mrefu chini ya presha yao walikuwa na majeraha zaidi kwenye picha za ubongo. Mimi nayachukua kama onyo kwamba namba moja ya watoto wote haipo, na kwamba dakika zilizopotea chini zina uzito.

Hatua ya tano: hewa ya ukaa, mwizi anayesahaulika

Unaweza kuwa na presha safi kabisa na bado ukaukata ubongo damu kwa mashine ya kupumulia. Hewa ya ukaa ikishuka kwenye damu, mishipa ya ubongo hukaza, na hakuna dopamini itakayoifungua. Watoto waliokaa na hewa ya ukaa ya chini sana siku ya kwanza wameonekana kuishia na hali mbaya zaidi katika tafiti zaidi ya moja.

Mtoto anayepozwa huanguka kwenye shimo hili kwa urahisi kwa sababu mwili baridi hutengeneza hewa ya ukaa kidogo. Mipangilio ya mashine iliyomfaa akiwa na nyuzi 37 itamtoa hewa kupita kiasi akifika 33.5. Wengine hupumua kwa kasi wenyewe, wakijaribu kuitoa asidi, na mashine inawaongezea. Kisha kuna mtego wa maabara: mashine ya gesi huipasha damu hadi nyuzi 37 ndipo isome. Ikikuandikia hewa ya ukaa ya milimita 40 za zebaki, ndani ya mtoto mwenye nyuzi 33.5 ni kama 34. Ingiza joto la mtoto kwenye mashine, na kwenye chati uandike namba ni ya joto gani, ili wa zamu ya asubuhi asilinganishe vitu viwili tofauti. Wodi nyingi hulenga 40 hadi 50 kwa joto la mtoto. Pima gesi kabla ya kupoza, anapofika 33.5, na kila baada ya saa nne hadi sita siku ile ya kwanza. Ikishuka chini ya 35, punguza mashine sasa hivi, usingoje raundi.

Oksijeni pia isizidi. Sukari isishuke chini ya milimoli 2.6 kwa lita.

Hatua ya sita: utazame ubongo wenyewe, ukiwa na chombo

Altrasaundi kupitia utosi inaonyesha mwendo wa damu kwenye ateri ya mbele ya ubongo. Enzi za kabla ya tiba hii ya kupoza, kipimo cha ukinzani kilichoshuka chini ya 0.55 kilikuwa habari mbaya: mishipa imefunguka ovyo na damu inamwagika bila kutumika. Kwa mtoto anayepozwa kipimo hicho hakiaminiki vile vile, basi usimwambie mzazi jambo zito kwa sababu yake peke yake.

Kihisi cha mwanga kinachobandikwa kwenye paji la uso huonyesha oksijeni iliyobaki kwenye damu ya ubongo. Wengi husoma namba ya juu wakafurahi. Siku ya kwanza, ikishuka, ndiyo, shuku presha au hewa ya ukaa. Lakini siku ya pili ikipanda na kubaki juu sana, maana yake huenda seli hazichukui oksijeni inayoletwa.

Kama huna hata kimoja, unavyo vidole. Gusa utosi kila zamu: umetuna au umelala? Kichwa kikae katikati, shingo isipinde, maana mshipa wa kurudisha damu ukibanwa shingoni damu hurundikana juu.

Hatua ya saba: saa za kumpasha

Watu hulegea hapa. Saa 72 zimeisha, kila mtu amechoka, mama anataka kumbeba. Panda nusu nyuzi kwa saa, isizidi hapo, kazi ya saa sita au saba hadi 36.5. Mishipa iliyokazwa siku tatu inafunguka, na presha inaweza kushuka mtoto akiwa njiani. Kabla hujaanza, dawa ya presha iwe imechanganywa na pampu iko kando ya kitanda, hata kama hakuihitaji tangu azaliwe. Pima kila dakika 15 hadi 30. Hewa ya ukaa nayo itapanda, rekebisha mashine kwa upande wa pili sasa. Degedege hupenda kurudi saa hizi, ikirudi simamisha kupasha kwa muda na utibu. Akifika 36.5, endelea kulinda joto lisipite 37 kwa siku nzima inayofuata.

Na mama. Atakaa pale akiitazama skrini kama wewe, na kila kengele ikilia atakutazama usoni. Mweleze mapema kwamba mapigo 90 ni ya baridi, kwamba mwanawe kuwa baridi mkononi mwake si dalili ya kifo. Wengi huogopa hilo na hawasemi. Mwonyeshe mahali pa kugusa: kiganja kimetulia juu ya kichwa, kingine miguuni, bila kupapasa. Ukifanya hivyo, tazama wimbi la ateri kwenye skrini. Mara nyingi hutulia.